Sili Ambayo Mteuzi Hakuichagua

Sili ya tatu ilipasuka Jumanne, saa tano kasoro robo asubuhi, na safari hii Holo Lusangija hakuhitaji miwani kuiona.

Aliichomoa kwenye shingo ya pampu ya kwanza kwa vidole viwili, akaiinua mbele ya taa. Ilikuwa pete nyeusi ya mpira, pana kama mdomo wa kikombe. Ijumaa alipoifunga ilikuwa laini kama sikio la ndama. Sasa ilikuwa ngumu kama ukoko, na alipoikunja kidogo tu ikakatika, ta, vipande viwili vikabaki mkononi.

"Ni yaleyale," alisema. "Imekauka, ikapasuka. Kama ya kwanza, kama ya pili."

Mhandisi Luhende Gwisu, msimamizi wa mitambo yote ya Itumba Chini, hakuiangalia sili. Aliangalia kioo kilichokuwa ukutani juu ya pampu, ambako Mteuzi, mashine ya makao makuu iliyochagua sili za pampu zote nchini, aliandika maamuzi yake. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minane, mwepesi wa kucheka, ila leo hakuna aliyeona meno yake tangu asubuhi.

"Mteuzi anasema ni kosa la ufungaji. Soma mwenyewe, mama."

Maandishi yalikuwa mekundu: KOSA LA UFUNGAJI. RUDIA KWA SILI ILEILE.

"Luhende, nafunga sili mwaka wa thelathini na moja huu. Nikikosea mara moja, nitakubali. Mara tatu mfululizo?"

"Sijasema mimi. Amesema Mteuzi."

"Mteuzi hana pua. Wewe unayo. Hebu vuta hewa."

Luhende akavuta. Machozi yakamtoka, akakohoa.

"Unasikia harufu gani?"

"Kama... kama choo cha stendi."

"Haya. Mafuta yananuka hivyo?"

Hakupata nafasi ya kujibu. Nyuma yao, kwenye pampu ya pili iliyokuwa ikinguruma peke yake tangu alfajiri, tone moja la kijani lilijikusanya chini ya shingo, likaning'inia, likaanguka sakafuni. Wote wawili waligeuka. Likaja la pili.

Itumba Chini ulikuwa mgodi wa dhahabu enzi za mababu. Siku hizi, jua la mchana lilipofika nyuzi hamsini na mbili na ng'ombe wa mwisho wakawa wamekwishakufa juu ya ardhi, watu elfu sita waliishi humo mgodini katika matabaka tisa. Lakini mwamba nao una homa yake; kadiri unavyoshuka ndivyo unavyowaka. Pampu mbili ndizo zilizozungusha kimiminika cha kuzoa joto hilo na kulipandisha nje. Moja ilitosha kufanya kazi, nyingine ikawa ya akiba. Zikisimama zote mbili, tabaka la tisa, lililokuwa na zahanati na wazazi waliojifungua juzi, lingefika nyuzi arobaini na nane ndani ya saa moja na nusu.

Pampu ya kwanza ilikuwa imefunguliwa, imelala mdomo wazi. Ya pili ilikuwa inavuja.

"Nipe saa moja," Holo alisema. "Na kaniazimie sufuria ya presha kule kantini."

*

Jiko lilikuwa dogo, kwenye meza ya karakana. Holo alianza na glasi ya maji. Akachovya bomba la kudondoshea ndani ya chupa ya kile kimiminika kipya, akaachia tone moja juu ya maji.

"Mafuta yangeelea," alisema.

Tone halikuelea. Lilifumuka kama sharubati, likapotea majini.

Luhende aliinama karibu na glasi. "Lakini cheti cha kiwandani kimeandikwa jamii ya mafuta. Nilikipokea mimi mwenyewe. Mteuzi kasoma cheti hichohicho."

"Basi aliyeandika cheti ndiye aliyekosea, na Mteuzi akamwamini."

Maji ya kijani, ndivyo watu walivyoyaita, yalikuwa yameletwa siku kumi na moja nyuma kuchukua nafasi ya mafuta ya zamani. Itumba Chini ulikuwa mji wa kwanza kuyajaribu. Luhende ndiye aliyeomba mji uwe wa kwanza, kwa kuwa mafuta ya zamani yalikuwa yamebaki ya mwezi mmoja tu.

Holo alikata vipande vitatu vya mpira, kila kimoja ukubwa wa kucha. Kwa macho vyote vilikuwa vyeusi, mtu asiyejua angedhani vimetoka pete moja. Cha kwanza kilikuwa cha nitrili, mpira wa kila siku, rafiki wa mafuta ya kawaida lakini mwoga wa joto kali. Cha pili kilikuwa cha florini, ghali kuliko yote, kinachovumilia mafuta na moto kwa pamoja. Hicho ndicho alichokichagua Mteuzi. Cha tatu kilikuwa cha etilini, ule mpira wa pampu za maji moto za dobi, unaokaa kwenye mvuke miaka mingi bila kulalamika, ila ukiguswa na mafuta huvimba kama andazi.

Akavitumbukiza vyote kwenye sufuria pamoja na maji ya kijani, akafunga kifuniko, wakavaa barakoa. Sufuria ikaanza kufoka.

Nusu saa ni ndefu kwa mtu anayesikia matone. Mlango wa chumba cha pampu walikuwa wameuacha wazi, na kutoka humo sauti ilikuja tip, tip, tip. Halafu haikuwa tip tena. Ilikuwa mchirizi.

Holo akafungua sufuria mbali na uso. Harufu ya amonia ikajaa karakana hata kupitia barakoa. Akavitoa vipande kwa koleo, akavipanga juu ya kitambaa. Cha nitrili kilikuwa kimekakamaa pembeni. Cha florini alikibonyeza kwa ukucha, kikatoa nyufa kama udongo wa bwawa lililokauka. Cha etilini alikikunja, akakiachia, kikarudi palepale.

Akakikunja tena, mara tano.

"Maji haya yakipata joto yanazaa amonia," alisema hatimaye. "Na amonia ndiyo inayokula florini. Mafundi wa zamani walilijua hilo hata bila cheti."

"Dobi wana sili za etilini za saizi hii?"

"Milimita sabini, kama hizi. Zipo mbili stoo kwao, za kutosha shingo moja."

Luhende alipumua kama mtu aliyetua gunia. "Basi tumepona! Zilete tufunge."

Holo alimwangalia tu, mpaka yule kijana akakumbuka, na uso ukamrudi ulivyokuwa.

*

Ndani ya kila sili, katikati ya mpira, kulikuwa na punje ndogo kuliko ufuta. Punje ilitaja jina la sili: imetengenezwa wapi, kwa mpira gani, na Mteuzi ameichagulia pampu ipi. Shingo ya pampu ilisoma punje hiyo. Ikiwa siyo iliyochaguliwa, mota haikuwaka. Ndivyo ilivyokuwa katika miji yote ya chini ya ardhi, na Holo Lusangija alikuwa mmoja wa waliopigania punje zisihamishwe kamwe.

Kwani miaka kumi na minne nyuma, fundi aliyemfundisha kazi, Mzee Jidayi, alihamisha punje kutoka sili halali akazipandikiza kwenye sili hafifu. Pampu zikaamini, zikawaka, zikafanya kazi wiki sita. Kisha shingo ikapasuka wakati watu wa tabaka la tano wamekaa kwenye chakula cha mchana. Walikufa sitini na watatu. Mmoja wao alikuwa Kwandu, mdogo wake Holo wa kuzaliwa naye tumbo moja. Holo alisimama mahakamani, akaeleza jinsi punje inavyohamishwa, hatua kwa hatua, na Jidayi akafungwa na kufia huko. Sheria ya Punje ilitokana na kesi ile: miaka saba kwa anayehamisha, na kwa anayemsaidia.

"Tuma pingamizi," Holo alisema. "Mwambie Mteuzi tulichokiona."

Luhende alituma. Aliandika haraka, akapiga picha za vipande vitatu, akaweka saa: saa sita na dakika tano. Jibu likaja kabla hajashusha mkono.

PINGAMIZI LIMEPOKELEWA. LITASIKILIZWA NA WAHANDISI WA MAKAO MAKUU BAADA YA SAA KUMI NA TISA. KWA SASA RUDIA KWA SILI ILEILE.

"Saa kumi na tisa," Luhende alirudia.

Waliiangalia pampu ya pili. Mchirizi ulikuwa unene wa penseli, na sakafu yote chini yake ilikuwa ya kijani. Feni ya chumba ilikuwa inavuta mvuke, lakini feni hiyohiyo ilipumulia kwenye njia ya hewa ya tabaka la nne.

"Itadumu muda gani?" Luhende aliuliza.

"Hiyo? Saa mbili. Ikiwa na huruma."

"Tukifunga florini nyingine kwenye ya kwanza?"

"Zilizobaki ni mbili, na zilipokaa stoo zimeshika joto la chumba hiki na mvuke wake. Nimezikagua asubuhi, zina nyufa kabla hata ya kufungwa. Zitatupa nusu saa." Alikaa kwenye kigoda. "Luhende, niache kidogo."

"Mama, hakuna muda wa..."

"Niache, nimesema."

Akaachwa. Alikaa na mikono yake mapajani, mikono minene yenye kovu la bisibisi kwenye kidole gumba. Aliijua kazi ile. Alikwishaieleza mbele ya hakimu kwa sauti isiyotetemeka: unapasha wembe moto, unachana mpira kwa ndani, upande usiogusa shafti, unaitoa punje kwa ncha ya sindano, unaipandikiza kwenye sili nyingine, unaziba kwa gundi. Wakati ule watu walikuwa wakilia ukumbini. Alikuwa ameapa mbele ya kaburi la Kwandu kwamba mkono wake hautafanya hivyo, hata kwa utani.

Na sasa angefanya kwa sababu nzuri. Lakini Jidayi naye, alipoulizwa, si alisema alikuwa na sababu nzuri? Holo hakuwahi kuisikiliza. Siku ile aliziba masikio.

Kutoka chini, kupitia njia ya hewa, ilikuja sauti ya mtoto mchanga akilia zahanati.

Aliinuka.

"Wembe," alimwambia Luhende. "Na ushike taa. Ukiishika, umenisaidia, na sheria unaijua. Kama hutaki, iweke juu ya meza, utoke."

Luhende aliishika taa.

*

Punje ya kwanza ilitoka vizuri kwenye florini ya stoo, ikahamia kwenye sili ya dobi. Ya pili ilimponyoka, ikadondoka kwenye meza yenye vumbi la mpira, na kwa dakika tatu watu wazima hao wawili walitafuta kitu kidogo kuliko ufuta huku nyuma yao pampu ikitema. Luhende ndiye aliyeiona, imenasa kwenye ukingo wa ukucha wake.

"Usipumue," Holo alimwambia.

Walipomaliza kuziba, Luhende alichukua kopo la grisi kama ilivyo desturi, ili sili iteleze kwenye shafti. Holo akampiga kofi mkononi.

"Unataka kutuua? Grisi ni mafuta. Mpira huu na mafuta ni paka na panya. Lete maji ya sabuni."

Walikuwa wameisuuza pampu ya kwanza mara nne ili pasibaki tone la mafuta ya zamani. Holo alizipaka sili povu la sabuni, akazisukuma kwa vidole, polepole, akizungusha, mpaka akasikia kila moja imekaa kwenye kitako chake. Alifunga bolti kwa mpangilio wa msalaba, hii kisha ile inayoikabili, asije akaibana upande mmoja. Jasho lilimtiririka hadi kwenye barakoa. Chumba kilikuwa nyuzi arobaini na moja.

Saa saba na dakika kumi akasema, "Washa."

Kioo kilikaa kimya. Shingo ya pampu ilikuwa inasoma. Holo hakujua anaomba nini: mashine idanganyike, au imkamate.

SILI IMETAMBULIKA. FLORINI. HALALI.

Mota ikanguruma. Luhende akafunga pampu ya pili, mchirizi ukafa. Walisimama wakitazama shingo ya pampu ya kwanza, dakika moja, tano, ishirini. Pakavu. Holo alipitisha kitambaa cheupe chini yake, akakiangalia. Kilikuwa cheupe vilevile.

Luhende alicheka, cheko la kwanza la siku hiyo, akataka kumkumbatia. Holo alikaa chini, akajifunika uso kwa kile kitambaa.

*

Mwenyekiti wa baraza la mji, Bi Nshoma, alishuka mwenyewe saa nane kutoa shukrani. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya upole. Holo hakumficha kitu. Alimweleza yote, hata punje. Bi Nshoma alisikiliza, akanyoosha khanga yake, kisha akasema kwa utulivu:

"Dada yangu, mimi sikusikia. Nilikuja kuona pampu, nimeiona inafanya kazi. Makao makuu watasikiliza pingamizi lenu kesho. Yanini kujitia kitanzi?" Akapanda lifti, akaenda zake.

Holo angemtii, pengine. Alikuwa amechoka. Lakini saa tisa na dakika kumi kioo kiliwaka chenyewe, na maandishi yake safari hii yalikuwa ya kijani.

FLORINI IMETHIBITIKA KATIKA KIMIMINIKA KIPYA. SAA MBILI BILA KUVUJA. MAKOSA MATATU YALIYOTANGULIA: UFUNGAJI. CHAGUO LITAPELEKWA MIJI 11 KATIKA MKUSANYIKO WA SAA KUMI.

Chini yake yakafuata majina ya miji kumi na mmoja.

Alisoma mara mbili. Kila alasiri saa kumi Mteuzi alikusanya habari za pampu zote nchini, akajifunza kutoka kwazo, akawagawia wengine alichojifunza. Miji hiyo kumi na mmoja ilikuwa imekwishapokea maji ya kijani. Kesho alfajiri ingefunga sili, na ingefunga florini, kwa ushahidi wa pampu yake yeye.

"Pingamizi letu lipo," Luhende alisema haraka. "Watalisikiliza."

"Watalisikiliza wakiangalia nini? Picha za vipande vitatu vya mpira, na pampu inayosema florini haina tatizo. Ungekuwa wewe, ungeamini kipi?"

Akachukua simu ya ukutani, akapiga mji wa kwanza kwenye orodha, Mhalo Chini, akaomba fundi wa pampu. Akaja mwanamke, sauti kavu, jina lake Nyanzobe. Holo aliiweka simu kwa sauti ya wazi.

"Mwadila, fundi, habari za mchana. Nimesikia habari zenu, hongereni."

"Fundi Nyanzobe, kesho usifunge florini. Zitapasuka zote."

"Mteuzi akichagua florini nifunge nini, mama? Nikifunga kingine mota haiwaki. Nikikataa kufunga, watamleta mwingine. Una barua? Una tamko? Nipe kitu cha kushika."

"Mna pampu ngapi?"

"Moja," Nyanzobe alisema. "Ya akiba ilikufa mwaka juzi. Watu elfu kumi na moja, pampu moja. Mama, unanitisha. Unajua kitu gani?"

"Subiri hadi saa kumi," Holo alimwambia, akakata.

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na nane. Njia ya kufuta ushahidi wa pampu ilikuwa moja tu, nayo ni Tamko la Ufundi: maelezo ya kilichofanyika, yenye kiganja cha fundi na kiganja cha msimamizi wake. Viganja viwili. Holo aliweka chake kwenye kioo, akasema kwa ufupi alichokifanya. Kisha akamgeukia Luhende.

Luhende alikuwa amesogea mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Miaka saba," alisema. "Mke wangu yuko huko chini, tabaka la tisa. Mtoto ana siku tano. Nilishika ile taa kwa ajili yao. Nitatoka ana miaka saba, hanijui."

"Najua."

"Na tukitamka, shingo itajua sili si halali. Itaizima pampu! Umefikiria hilo? Unaokoa Mhalo, unawaua wa hapa?"

"Kuna hendeli ya dharura."

Ilikuwapo, ubavuni mwa mota, wenzo mwekundu wa chuma. Haikuweza kuwasha mota iliyosimama. Ndiyo sababu haikuwafaa mchana. Lakini mota ikiwa inazunguka, mtu akiibana ile hendeli chini, shingo haikuweza kuizima. Ilitaka mkono wa mtu, muda wote. Ukiachia kwa sekunde tano, basi.

"Hadi kesho saa moja asubuhi?" Luhende aliuliza. "Mkono gani?"

"Tutatafuta mikono."

Alitikisa kichwa. Dakika zilienda. Saa tisa na nusu. Saa tisa na dakika arobaini. Holo hakumsihi. Alijua kwamba mtu aliyeburutwa kwenye jambo kama hili hulikana kesho yake.

"Jidayi," Luhende alisema ghafla. "Ulimsamehe?"

"Hapana."

"Lakini umefanya alichofanya yeye."

"Nimefanya." Akageuka kuitazama pampu. "Wiki sita, Luhende. Pampu ilizunguka wiki sita. Kila asubuhi alipita tabaka la tano, akawasalimia watu, akaenda kunywa chai. Alikuwa na siku arobaini na mbili za kusema. Mimi nina dakika ishirini. Hiyo ndiyo tofauti yetu, na ikipita saa kumi hakuna tofauti tena."

Luhende alifuta uso kwa mkono wa ovaroli. Alitazama sakafuni, kama mtu anayeweza kuona kupitia mwamba hadi zahanati.

"Yule fundi wa Mhalo," alisema, "sauti yake ilikuwa inatetemeka mwishoni."

Akatoka ukutani. Akaenda kwanza kwenye hendeli, akaushika mkono wa Holo akauweka juu yake, akaubana. Halafu akarudi kwenye kioo na kuweka kiganja chake. Saa tisa na dakika hamsini na moja.

King'ora kililia papo hapo. SILI SI HALALI. MOTA INAZIMWA. Holo aliibana hendeli kwa uzito wa mwili wote. Mota ikakohoa, ikashuka sauti, ikasita, kisha ikapanda tena. Aligundua kwamba alikuwa anapiga kelele, na hakujua tangu lini.

Luhende alichukua kipaza sauti cha mji. Sauti yake ilisikika matabaka yote tisa. Hakupamba. Aliwaambia kwamba sili zilikuwa mbovu, kwamba wao wawili wamedanganya mashine, kwamba wamekiri, na kwamba sasa pampu inaishi kwa mkono wa mtu hadi kesho asubuhi. "Anayeweza kubana chuma robo saa," alimaliza, "aje chumba cha pampu."

Saa kumi kamili kioo kilibadilika. CHAGUO LA FLORINI LIMESITISHWA, MIJI 11. ETILINI INACHUNGUZWA. Simu ya ukutani ikaanza kulia. Ilikuwa Mhalo Chini. Hakuna aliyekuwa na mkono wa kuipokea.

Wa kwanza kufika alikuwa dobi, yule ambaye sili zake zilichukuliwa. Wakafuata wapishi wa kantini, mwalimu mmoja mwenye chaki mikononi, mzee wa tabaka la tano ambaye Holo alimjua vizuri: alifiwa na wanawe wawili siku ile ya Jidayi. Mzee huyo hakumsalimia Holo. Alisimama kwenye mstari, akingojea zamu yake, macho mbele. Bi Nshoma naye alikuja, amefunga khanga kiunoni.

Saa kumi na moja lifti ya juu ilifunguka, akatoka Inspekta Kashinje wa polisi, shati limelowa, pingu jozi mbili mkononi. Foleni ilikuwa imefika hadi mlangoni mwa lifti, ikabidi apite ubavu ubavu.

"Holo Lusangija ni nani?"

Zamu ya pili alikuwa ameiomba mwenyewe. Alikuwa ameibana hendeli kwa mikono yote miwili, na mwalimu alikuwa amemshikilia bega.

"Ni mimi, afande. Samahani, siwezi kusimama. Nikiuinua mkono huu pampu inazimika."

"Na Luhende Gwisu?"

"Ndiye anayefuata baada yangu."

Inspekta aliitazama hendeli, akaitazama shingo ya pampu na kitambaa cheupe kilichowekwa chini yake, kikavu. Akatazama foleni.

"Hii itakwisha saa ngapi?"

"Kesho saa moja asubuhi, afande, wakitusikiliza."

Inspekta alifungua kifungo cha juu cha shati, akazitundika pingu kwenye msumari wa spana, akatembea taratibu kupita watu wote mpaka mlangoni mwa lifti, akasimama nyuma ya mtu wa mwisho.